Njumu, matairi manene au basi? Kuchagua namna ya kwenda kazini kwenye barafu

Kila Oktoba simu yangu huanza kuletewa swali lile lile. Mwaka jana lilitoka kwanza kwa shemeji aliyehamia Minneapolis, kisha kwa binti wa jirani yetu wa Ngamiani, Tanga, anayesoma Helsinki, kisha kwa mwenzangu wa kazini hapa hapa Oulu, Mkongo wa Uvira, aliyekuwa amepewa baiskeli ya bure na hajui aiendeshe au aifungie stoo mpaka Mei. Wote walitaka kujua wanunue baiskeli gani ya baridi. Na wote niliwarudishia swali: barafu yako ikoje?

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu baiskeli ni kitu cha kila siku, mji ni tambarare, na hakuna mwanamke ambaye cheni haijawahi kumla pindo la kanga. Oulu nayo ni tambarare, ila iko Ufini ya kaskazini, kwenye latitudo ya 65, ina zaidi ya kilomita 900 za njia za baiskeli, na watu wake hawaziangiki baiskeli ukutani theluji ikianguka. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa waendesha baiskeli wa majira ya baridi ulifanyika hapa mwaka 2013. Mimi lakini sikuanza kwa ushujaa. Nahudumia wazee, zamu ya asubuhi inaanza saa moja, na Jumapili basi la kwanza lingenifikisha wazee wakiwa wameshakunywa chai. Baiskeli ndiyo iliyobaki.

Tangu hapo nimepitia matairi ya aina nne na baiskeli tatu, mbili kati ya hizo nikijuta. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyowaambia wale watatu, na yale ambayo ningependa mtu angeniambia mimi.

Barafu ya sifuri na barafu ya ishirini

Sisi wa pwani tuliijua barafu ile ya ubuyu, ya kunyonya kwenye kimfuko. Mtu wa Makete au Njombe walau ameiona sakitu juu ya majani asubuhi ya Juni. Kwa hiyo tukifika huku tunadhani jambo ni moja tu: kadiri baridi inavyozidi, ndivyo barabara inavyozidi kuteleza. Si hivyo, na kosa hili ndilo linalowafanya watu wanunue kitu kisicho chao.

Joto likishuka hadi nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri, barafu hukauka. Theluji iliyoshindiliwa hulia chini ya tairi kama unga wa muhogo ukiufinya mkononi, na tairi hushika vizuri kuliko unavyotarajia. Hatari iko karibu na sifuri. Hapo juu ya barafu kuna utando mwembamba wa maji, na unapopita ni kama sakafu ya marumaru iliyomwagiwa sabuni. Siku niliyoanguka vibaya kuliko zote haikuwa Januari. Ilikuwa Novemba, nyuzi 1 juu ya sifuri kwa mujibu wa simu, barabara nyeusi na inang'aa kwa unyevu tu, nikapanda daraja. Daraja hupigwa na upepo juu na chini, kwa hiyo huganda kabla ya barabara. Sikuona barafu yoyote. Niliona mbingu.

Sasa linganisha miji ya wale watatu. Oulu wastani wa Januari ni kati ya nyuzi 8 na 10 chini ya sifuri, na chumvi ya kawaida hupoteza nguvu joto likipita hapo kwenda chini. Ndiyo maana njia nyingi za baiskeli hapa hazimwagiwi chumvi: trekta hupita alfajiri, huchana theluji na kuacha sakafu nyeupe iliyoshikana, kisha penye mteremko na njia panda hunyunyizwa kokoto ndogo. Sakafu hiyo ikitunzwa huendeshwa kwa raha mwezi mzima. Helsinki iko pwani, joto linapanda na kushuka kuzunguka sifuri. Mchana theluji inayeyuka, watu wanapita, matairi yanachora mitaro, usiku mitaro hiyo inakuwa jiwe. Asubuhi gurudumu likiingia kwenye mtaro wa jana, usukani si wako tena. Minneapolis ina baridi ya kweli kama yetu, ila mitaa inamwagiwa chumvi nyingi kwa ajili ya magari, hivyo pembeni, mahali hasa panapopita baiskeli, hukusanyika uji wa kahawia wa theluji na chumvi. Bahati yao wana Midtown Greenway, njia ya baiskeli iliyopitishwa kwenye handaki la wazi la reli ya zamani, kama kilomita 9, nayo huchanwa theluji.

Kama uko London au Brussels, ambako asubuhi za barafu kwa mwaka unaweza kuzihesabu kwa vidole, nakuomba usome sehemu ya basi tu uende zako.

Matairi: hapa ndipo pa kutoa pesa

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu baiskeli ya euro 2,000 yenye matairi ya kiangazi itakuangusha mahali ambapo baiskeli ya kuokota yenye matairi sahihi inapita ikipiga kengele.

Tairi la kawaida la kiangazi mpira wake hukakamaa kwa baridi. Kwenye theluji kavu iliyoshindiliwa utafika, ukiwa mpole na ukipunguza upepo kidogo. Kwenye barafu tupu huna kitu. Wafini wengi, wakubwa kwa watoto, huendesha hivyo hivyo msimu mzima, na usiwaige: wamezaliwa humu, miili yao inajua kusawazisha kabla akili haijajua kuna tatizo.

Ngazi ya pili ni tairi la baridi lisilo na chuma. Continental, kwa mfano, wamewahi kuuza moja la namna hii. Mpira wake hubaki laini kwenye baridi na umechanjwa vimstari vingi vyembamba. Kwenye lami baridi yenye unyevu na kwenye theluji nyepesi linazidi la kiangazi kwa mbali, halina kelele, halina uzito. Lakini maneno "tairi la baridi" humdanganya mnunuzi. Kwenye barafu ya sifuri niliyoieleza hapo juu, linateleza. Mimi nilikuwa nalo mwaka wa pili, nikajiona nimejikinga, na nililiuza Februari.

Kisha ndiyo yale yenye meno ya chuma. Mimi nayaita matairi ya njumu. Mpwani anaijua njumu, vile vichwa vya shaba vilivyopigwa juu ya kasha la Kizanzibari. Kijana wa leo anaijua kama kiatu cha mpira chenye meno. Tairi hili ni vyote viwili: limepambwa kama kasha na linang'ata kama kiatu. Ndani ya mpira wake vimepandwa vipini vidogo vya chuma vinavyochungulia milimita moja hivi.

Ukiingia dukani utakuta yamegawanyika kwa idadi ya vipini. Yenye safu mbili huwa na vipini 100 hivi. Suomi Tyres, kampuni ya Kifini iliyorithi matairi ya baiskeli ya Nokian, wana la 106. Yenye safu nne hufika 240, na la Schwalbe liitwalo Marathon Winter Plus ndilo utakaloliona zaidi Ulaya. Tofauti yao si wingi tu. Safu mbili zinatosha njia ikiwa inasafishwa na barafu ni ya vipande vipande. Safu mbili za ziada ziko pembeni mwa tairi, na kazi yake inaanza unapokata kona, au gurudumu linapojaribu kupanda kutoka kwenye mtaro ulioganda. Kwa hiyo mtu wa Helsinki anazihitaji safu nne kuliko mimi ninayeishi kaskazini kwenye baridi kali zaidi. Binti wa Ngamiani hakuniamini hadi alipoiona mitaro yenyewe.

Uangalie pia vipini vimetengenezwa na nini. Vya chuma cha kawaida ni rahisi kwa bei, na kwenye lami husagika, msimu mmoja vimekuwa butu. Vya kabaidi ya tungsten, ambayo ni ngumu kuliko chuma, hudumu maelfu ya kilomita. Kama maelezo ya tairi hayasemi ni kabaidi, chukulia si kabaidi. Bei ya tairi moja zuri mara nyingi iko kati ya euro 40 na 80, na kwa hesabu ya mfuko wangu jozi nzima ni kama tiketi za basi za miezi miwili. Yangu sasa yako msimu wa tano.

Na ubaya wake? Ni mazito, ya safu nne hukaribia kilo moja kila tairi. Kwenye lami kavu yanavuma kama mafuta yanayokaangiwa sambusa, na safari ya dakika ishirini inakuwa dakika ishirini na tatu, nne. Yakiwa mapya yanahitaji kufundwa kwanza: Schwalbe hushauri kilomita 40 za lami bila kufunga breki ghafla wala kuondoka kwa nguvu, ili vipini vikae vizuri kwenye mpira. Wengi huruka hatua hii, kisha Januari wanalalamika vipini vimeng'oka. Fanya Oktoba, watu wakushangae.

Upepo nao ni usukani wa pili. Ukijaza sana, tairi hukanyaga kwa katikati tu, vipini vya pembeni havigusi, na unaenda haraka kwenye lami. Ukipunguza, tairi linalala na vipini vinafika chini. Asubuhi ya barafu natoa kidogo, bila kwenda chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni. Hii ni pumzi mbili tatu kwenye valvu, hakuna ufundi mwingine.

Kama una pesa ya tairi moja tu, liweke mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, mkia unacheza kama wa bata na mara nyingi unajiokoa. La mbele likiteleza huna muda hata wa kusema "yallah".

Watu wa mikono yao huniuliza kuhusu kujitengenezea: tairi kuukuu, skrubu fupi kutoka ndani kwenda nje, na kipande cha mpira ndani kulinda tyubu. Inafanya kazi, na juu ya ziwa lililoganda hushika hata kuliko ya dukani. Lakini skrubu ni chuma laini, lami inazila haraka, na kichwa kimoja kikipenya ule mpira wa ndani umepata pancha gizani ukiwa na glavu. Kwa wikiendi ya kujifurahisha sawa. Kwa mtu anayesubiriwa kazini saa moja, hapana.

Baiskeli yenyewe

Baada ya matairi, swali la baiskeli linakuwa dogo, ingawa si la kupuuza. Baridi haivunji baiskeli. Kinachoivunja ni maji yanayoingia mahali na kuganda, na chumvi.

Baiskeli ambayo sasa ningeinunua kwa macho yaliyofungwa ni ile wanayoiita ya bibi: wima, madigadi kamili, boksi la kufunika cheni, gia tatu zilizofichwa ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, au bila gia kabisa, na breki ya kukanyaga pedali kinyume. Kila kitu chenye thamani kimefungiwa ndani. Theluji haina mahali pa kuingia. Mikono inabaki ndani ya glavu nene kwa sababu breki iko miguuni, na boksi la cheni linaniachia nivae gauni refu juu ya suruali ya sufu bila wasiwasi wa pindo. Unaipata ya mtumba hapa kwa bei ya viatu. Udhaifu wake ni mbili: breki hiyo inafunga gurudumu la nyuma tu, kwa hiyo unahitaji nafasi ndefu kusimama, na baridi ikishuka sana grisi ya ndani inakuwa nzito, gia inachelewa kuitika kama mtoto aliyeamshwa.

Baiskeli ya gia za nje, zile za cheni kuruka juu ya vimeno, ni nyepesi na tayari watu wengi wanayo. Siku kavu haina tatizo. Siku ya uji wa theluji, matope yanajaa katikati ya meno na kuganda, na umebaki na gia moja, ile uliyokuwa nayo, ambayo kwa sheria ya maisha ni ile nzito. Maji yakiingia kwenye waya wa gia yakaganda, ni hivyo hivyo. Kitu kinachotisha zaidi ni friwili: vile vimeno vyake vya ndani vikishikwa na grisi iliyoganda, unakanyaga pedali na hakuna kinachotokea, miguu inazunguka bure. Mara nyingi chanzo ni kuiingiza baiskeli ndani kwenye joto usiku, unyevu ukatengenezeka, asubuhi ukaitoa ikiwa mbichi. Ama iache nje kwenye baridi kavu msimu wote, ama iingize na uiache ikauke kabisa. Kuingia na kutoka ndiko kunakoiua.

Breki za raba zinazobana ringi zinapata shida ringi ikivaa barafu. Mizunguko ya kwanza haishiki kitu. Za diski zinashika zaidi, na kama ungekuwa unanunua baiskeli mpya ya gia ningekuambia uchukue yenye diski. Ila kwenye barafu breki nzuri kupita kiasi nayo ni mtego, kwa sababu kinachokusimamisha ni tairi, si breki.

Shemeji wa Minneapolis alikuwa amependa baiskeli ya matairi manene, yale ya inchi 4 na zaidi. Namwelewa, zinapendeza, na zina asili huko. Zilikuzwa na watu wa mbio za theluji za Alaska, na Surly, kampuni ya hapo hapo Minnesota, ndiyo iliyoitoa Pugsley mwaka 2005 na kuzifikisha madukani kwa mtu wa kawaida. Ukiziachia upepo hadi zikawa laini kama mto, zinaelea juu ya theluji ambayo baiskeli nyingine inazama. Kama njia yako haichanwi theluji mpaka mchana, au unakatiza msituni au kando ya ziwa, hakuna mshindani. Lakini unene hauzuii kuteleza. Kwenye barafu tupu tairi nene lisilo na njumu huanguka kwa heshima ile ile kama jembamba, na jozi nene yenye njumu bei yake inaweza kukupa baiskeli ya bibi mbili. Kwenye mitaa iliyochanwa unabeba uzito bure.

Baiskeli ya umeme nilidhani ni anasa hadi mwenzangu wa zamu anayekaa kilomita 14 kutoka kazini alipoanza kuitumia. Kwa umbali huo, upepo wa mbele na nguo nzito, inabadilisha maisha. Betri ya lithiamu hupoteza sehemu kubwa ya safari yake kwenye baridi, basi usinunue inayokutosha kwa shida wakati wa kiangazi. Ichomoe, ingia nayo ndani, ukaichaji huko. Kuichaji ikiwa chini ya sifuri huiharibu moja kwa moja, wala si jambo la kuponea. Na angalia mota iko wapi. Iliyo kwenye gurudumu la mbele huvuta, na kwenye barafu gurudumu linalovutwa huzunguka papo kwa papo na kukimbia pembeni. Chukua ya katikati, kwenye pedali. Hili ningeliweka hata mbele ya bei.

Chumvi ndiyo inayoamua mambo ya cheni. Hapa Oulu cheni yangu hufika msimu wa pili. Shemeji, kwenye chumvi yao, aliona kutu nyekundu siku ya nne. Kwake nilishauri mkanda badala ya cheni kama mfuko unaruhusu, maana mkanda wa nyuzi za kaboni hauna kutu wala haudai mafuta. Kama hauruhusu, basi cheni ya bei ndogo, mafuta mazito ya msimu wa mvua, na kuitupa ifikapo Aprili bila kuililia.

Mikono, miguu, na lile ambalo hakuna anayekuambia

Nguo hazina siri kubwa. Ukiendesha kilomita 15 kwa saa siku isiyo na upepo kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, uso unahisi kama nyuzi 29, kwa hiyo kizuia upepo kina thamani kuliko unene. Sufu ndani, kamwe si pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho inakugeuka. Ukitoka mlangoni ukiwa umeshaona joto, umevaa kupita kiasi. Sisi tunaojitanda tuna faida: mtandio wa sufu nyembamba chini ya helmeti hufanya kazi ya vitu vitatu vinavyouzwa kando. Vidole havipendi kutenganishwa, glavu ya kidole gumba peke yake huishinda ya vidole vitano, na mifuko ile mikubwa inayofungwa kwenye usukani ukaingiza mikono ndani huzishinda zote mbili. Inachekesha kuitazama. Nilicheka mwaka mmoja.

Ambalo hakuna aliyeniambia ni soli ya kiatu. Ukiwa na njumu, baiskeli inashika barafu vizuri mpaka unasahau kuwa kuna barafu. Unafika kwenye taa nyekundu, unasimama salama salimini, unashusha mguu, na mguu ndio unaokwenda. Nimewaona watu wazima wakilala chini taratibu pembeni ya baiskeli iliyosimama wima. Kuna viatu vya baridi vyenye vipini vyao wenyewe, na vipo vya mpira vya kuvalisha juu ya kiatu. Shusha na kiti vidole viwili ili nyayo zote mbili zifike chini.

Taa pia. Desemba hapa mchana hudumu kama saa tatu na nusu tu, na sheria ya Ufini inataka taa mbele na nyuma gizani. Taa za betri hunyauka kwa baridi. Ya dainamo ndani ya habu haijui baridi wala haijui kusahaulika kuchajiwa.

Basi na miguu

Sitaki kumuuzia mtu baiskeli asiyoihitaji. Kama kituo kiko mlangoni, zamu zako ni za saa za kawaida, na mji wako una asubuhi kumi za barafu kwa mwaka, panda basi asubuhi hizo kumi. Huhitaji tairi lolote. Kama una mimba, kama mifupa yako imeshavunjika mara moja, kama dawa zako zinafanya damu iwe nyepesi, hesabu ya kuanguka kwako si kama yangu. Na kutembea kwenye barafu si salama kama tunavyodhani. Wodini kwetu kila majira ya baridi hupokea wazee waliovunjika nyonga wakienda kuchukua barua tu. Kama utatembea, soli yenye meno ni ya lazima kuliko ilivyo kwa mwendesha baiskeli.

Basi linashindwa mahali pamoja tu kwa watu wa kazi kama zangu, nalo ni saa. Alfajiri ya Jumapili, usiku baada ya zamu, mahali pa kubadilisha ambapo unasubiri dakika 25 umesimama kwenye nyuzi 22 chini ya sifuri. Mtu anayesimama anaganda, anayekanyaga pedali ana jiko ndani yake. Hapo baiskeli inashinda bila kelele, na ni hapo tu ningemsukuma mtu anayesitasita.

Wale watatu waliishia hivi. Shemeji hakununua matairi manene. Alichukua baiskeli ya kawaida ya diski, akaweka njumu za safu mbili, na kwenye siku za uji anakwenda kupitia Greenway hata kama ni mbali zaidi. Binti wa Helsinki alinunua safu nne mbele, nyuma akaacha la kiangazi mpaka mkopo wa masomo uingie, na reli za tramu anazikata kwa pembe iliyosimama kama nilivyomwagiza. Mkongo wangu ile baiskeli ya bure ilikuwa ya bibi, gia tatu, imepigwa rangi ya kijani kwa brashi ya nyumba. Yeye huiita kinga, kama wanavyosema kwao, na sisi wa pwani tukisikia kinga tunafikiria chanjo. Nilimpa tairi langu la mbele la zamani lenye vipini 106, bado 94 vimebaki, kwa ahadi kwamba atanilipa mwisho wa mwezi. Hajalipa. Ila Jumapili nikifika kazini naikuta kinga yake imeshafungwa kwenye nguzo, na theluji imeanza kuikalia kitini.